Safari ya mtumbwi kuangalia ndege, Mwanza: nampa nyota nne

Jamani huyu guide anayezungusha watu kwa mtumbwi upande wa Bismarck Rock na Saanane yuko vizuri, sema anasema sana 😂 Amezoea wageni wa Kichina na Kijapani so majina ya ndege anayajua kwao pia. Tulimkuta mdiria kwenye matete, kachomoka na dagaa mdomoni, jamaa akaanza, Wachina wanamwita cuiniao, yaani ndege wa kijani cha kung'aa, na lile jiwe lao la thamani feicui limechukua jina la zamani la huyuhuyu mdiria, si ndege kaitwa kwa jiwe!! Mjapani anasema kawasemi ila akiandika kwa herufi za Kichina anaweza kutumia zilezile za feicui. Bundi sasa, kwa Wachina ni maotouying, yaani mwewe mwenye kichwa cha paka, nilicheka mpaka basi. Mbuni wanamwita ndege-ngamia. Kekeo kwa Wakorea ni ppeokkugi, mlio wake tu huo.

Kinachokera ni injini, inapiga kelele mnandi wote wanaruka kabla hujatoa simu. Mwambieni azime apige kasia. Na bei pataneni kabla hamjapanda.