Nilimpeleka mwanangu kutahiriwa, nikavuliwa nguo mimi

Hospitali yenyewe siitaji. Waliowahi kukaa kwenye lile benchi la mbao hapa Tabora watajua nasema wapi.

Ulikuwa msimu wa maembe, kijana wangu ana miezi minne. Bibi yake wa Isevya alishatuchosha: mtoto hajatahiriwa, mnangoja nini? Basi nikaenda. Dada wa zamu akafungua pampasi, akainama, akanyanyuka. Badala ya kuniita pembeni akapaza sauti mpaka dirisha la dawa: "Jamani, njooni muone, huyu tundu lake liko chini! Hatahiriwi huyu!" Foleni nzima ikageuka. Baba mmoja alisimama kabisa achungulie. Nikamfunika mwanangu kwa kanga, mikono inatetemeka. Nauliza maana yake nini, najibiwa: "Mama, si unamuogesha kila siku? Hukuona mkojo unatokea wapi?"

Niliona! Niliona unamlowesha mapaja, hauruki mbele kama wa kaka yake. Niliona govi limerundikana juu kama kofia, chini hamna kitu. Nikadhani ndivyo alivyoumbwa. Na kliniki nimekwenda mara ngapi? Wanapima uzito, wanachoma chanjo, wanajaza kadi. Hakuna aliyewahi kufungua nepi akatazama.

Nilitoka nimeapa sirudi. Kwa hasira ile nilikuwa naelekea kwa ngariba moja kwa moja. Shemeji yangu akanizuia, akahangaikia rufaa. Basi la alfajiri, Nzega, Shinyanga, mpaka Mwanza, mtoto analia njia nzima.

Huko daktari wa upasuaji kwanza alimpapasa kama korodani zote mbili zimeshuka, maana zikikosekana pamoja na tundu kuwa chini, kuna vipimo vingine vya kufanya kabla. Zilikuwepo. Ndipo akanieleza taratibu: mara nyingi ngozi ya govi ndiyo wanayotumia kutengenezea njia mpya ya mkojo. Ukishaikata ukaitupa, fundi kakosa kitambaa. Na umri mzuri wa kufanya hivyo ni kati ya miezi 6 na 18, kwa hiyo sikuwa nimechelewa. Nikakumbuka ngariba, nikaishiwa nguvu.

Alifanyiwa. Siku kadhaa na kampira ka mkojo, pampasi mbili mbili, usiku hatulali. Sasa mkojo unaruka mbele, ameshamlowesha bibi yake.

Kwa hiyo yule dada? Nilikuwa nimempa nyota moja. Halafu nikafikiri: wote waliomshika mtoto huyu kwa upole hawakuona, mwenye mdomo mchafu ndiye aliyeona, tena akakataa kumgusa. Nikaweka nne, na roho ikaniuma kwa kumsema vibaya.

Juzi nimempeleka mkubwa kwa kikohozi. Nikamkuta palepale, anamtangaza binti wa watu mbele ya foleni.

Mbili. Na hizo mbili ni za macho yake.