Kopo la kujijazia gesi ya AC lenye geji ya rangi: uzoefu wangu

Naandika hii bado nina hasira kwa hiyo mtanivumilia. Ni kuhusu yale makopo ya kujijazia gesi ya AC ya gari mwenyewe nyumbani, yale yanayokuja na mpira mfupi na kageji kenye rangi rangi. Jina la kampuni siliweki, maana nimeshashika ya aina kama tatu sasa na ugonjwa ni mmoja: ile geji. Ile geji inadanganya watu, na mtoto wangu ndiye aliyeumia na joto.

Ilianza hivi. AC ilikuwa inapuliza upepo ila upepo wa kawaida, kama umefungua dirisha tu. Na nyuma nina mtoto mdogo, akikaa kwenye kiti chake dakika kumi nywele zote zimelowa jasho na analia mpaka sauti inamkauka. Nikaangalia fyuzi, nzima. Nikatoa ile filta ya hewa ya ndani, imejaa vumbi mpaka imekuwa kama kipande cha zulia, nikaweka mpya, upepo ukaongezeka nguvu ila baridi hakuna. Nikafungua boneti nikasikiliza kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC. Klachi yake inashika, ta, sekunde mbili tatu inaachia, inashika tena, inaachia. Hiyo mara nyingi ni dalili ya gesi kupungua, swichi ya presha inaizima kompresa ili isizunguke bila oili, kwa sababu oili yake inatembea pamoja na gesi. Mpaka hapo nilikuwa sahihi, na hata leo nasema nilikuwa sahihi.

Nikaenda kununua kopo. Muuzaji akaniambia dada hii ni rahisi, unachomeka kwenye paipu nene, unawasha gari, AC mpaka mwisho, unajaza hadi mshale uingie kwenye kijani, basi. Hakuniuliza gari linachukua gesi gani. Hakuniuliza inavujia wapi. Na hapo ndipo ningeomba kila mtu anayesoma asimame kidogo: gesi ya AC hailiwi kama petroli. Inazunguka kwenye mfumo uliofungwa, inageuka kimiminika inageuka mvuke, mwaka hadi mwaka. Ikipungua mpaka AC inaacha kupoza ujue kuna mahali inatoka. Kujaza bila kutafuta mahali hapo ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka, na wanaouza haya makopo wanalijua hilo vizuri.

Haya, nikajaza. Na nisiseme uongo, lilipoa. Lilipoa vizuri sana mpaka nilitamani kurudi kumshukuru yule muuzaji. Mtoto akalala njia nzima. Kama ningeandika wiki ile ningelipa nyota tano na ningegombana na yeyote anayelisema vibaya.

Wiki moja, labda na siku mbili. Upepo ukarudi kuwa wa kawaida.

Nikafungua kopo la pili, maana nilinunua matatu kwa pamoja. Siku hiyo nilijaza asubuhi mapema kukiwa bado na ubaridi, mshale ukaingia kijani, ukatulia katikati kabisa, nikafunga boneti nikijua kazi imeisha. Mchana kwenye foleni kompresa ikaanza kuunguruma sauti nzito ambayo sijawahi kuisikia, kisha ikakata, ikarudi, ikakata, na upepo ukawa wa moto kuliko hata mwanzo. Nikapaki pembeni, nikachomeka ile geji kuhakiki. Kijani. Mtoto analia nyuma, kompresa inalia mbele, na geji inasema kijani.

Siku iliyofuata jirani akaniazima geji za kifundi, zile za pande mbili, ya bluu kwa upande wa presha ya chini na ya nyekundu kwa upande wa presha ya juu. Nikafunga zote mbili, gari likiwa linaunguruma. Bluu inasoma psi 45 (psi ni kipimo cha presha), yaani bado kijani cha kopo. Nyekundu imepita 300! Nilizima gari mkono unatetemeka. Mchana ule nyekundu ilitakiwa iwe kwenye 200 na kitu hivi. Nikageuza macho kwenye ile stika iliyo chini ya boneti, ile ambayo hakuna aliyeniambia niisome: gesi gramu 450. Kopo moja lina gramu 340 hivi na nilikuwa nimemwaga mawili, moja juu ya lingine, bila kujua ndani mlikuwa mmebaki kiasi gani.

Kwa hiyo hiki ndicho kinachonichemsha. Geji ya kopo inasoma presha ya upande mmoja tu, ule wa presha ya chini, na presha ya upande ule haikuambii gesi ni kiasi gani. Inapanda na kushuka na joto la siku, na kasi ya injini, na feni ya kondensa, ile rejeta ya gesi ya AC iliyo mbele, kama inafanya kazi au imekufa, na kompresa kama imechoka. Gari likiwa limezimwa pande zote mbili zinalingana, na kukiwa na joto la nyuzi 30 itasoma karibu psi 100 hata gesi ikiwa imebaki nusu, yaani nyekundu kabisa, unadhani imejaa kumbe ina njaa. Watu wanapewa rangi badala ya kuambiwa ukweli kwamba gesi inapimwa kwa mzani. Kwa gramu! Siyo kwa rangi.

Sasa nikaenda gereji moja yenye mashine ya kunyonya gesi, nikitaka waitoe yote nianze upya, maana kuiachia hewani sikutaka. R134a, ndiyo hiyo gesi ya gari langu, inaongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,000 ya hewa ya ukaa kwa uzito ule ule, siyo kitu cha kufungulia uani kisha unaenda zako. Fundi akatoka, akaangalia boneti liko wazi, akaniangalia mimi, akasema, "Dada, nani kakudanganya hii ni kazi ya kufanyia nyumbani?" Mbele ya wateja. Kisha akauliza niliweka kopo gani, nikamwonyesha, akaligeuza nyuma, akasoma mstari mmoja, akanirudishia kama ameshika kitu kinachonuka. "Lina dawa ya kuziba. Ondoa gari hapa, mashine yangu haigusi." Akaingia ndani. Hakueleza, hakusema niende wapi, akanigeuzia mgongo nikiwa na mtoto mkononi.

Nililia kwenye gari, na kilio kile kilikuwa cha hasira tupu. Kisha nikalisoma lile kopo. Nyuma kabisa, herufi ndogo, baada ya maelezo marefu ya jinsi litakavyopoza, neno la dawa ya kuziba uvujaji lipo. Hizo dawa baadhi zinaganda zikikutana na hewa na unyevu, zinaweza kuziba matundu madogo ya ndani ya mfumo na kuharibu mashine ya fundi inayonyonya. Kwa hiyo yule mtu, na inaniuma kuandika hivi, alikuwa na haki ya kukataa. Hakuwa na haki ya mdomo ule. Ni mambo mawili tofauti na siyachanganyi.

Fundi mwingine, mzee mmoja mpole, alinitolea ile gesi kwenye mtungi wa pembeni anaotunzia gesi chafu. Akaniuliza, "Mwanangu, unataka nikufanyie au unataka kujua?" Nikasema nataka kujua. Akanionyesha tu kwa tochi, pale paipu inapoungana na kondensa mbele ya rejeta: doa jeusi la mafuta lililoshika vumbi. Akanyunyiza povu la sabuni, kwa kagesi kalikokuwa kamebaki vikatoka vipovu vidogo vidogo, taratibu, kama mate ya mtoto anayeota meno. Oringi. Kale kapira ka duara, kadogo kuliko pete ya kidole, kamekauka kakapasuka. Makopo mawili, dawa ya kuziba, matusi ya gereji, na kisa chote kilikuwa hapo.

Kilichobaki nilifanya mwenyewe nyumbani na hapa ndipo nyota tano zangu zilipo. Nilifungua ile jointi, ndani nikakuta utando unaonata kama gundi iliyoanza kukauka, ndiyo hiyo dawa, na ufa wa oringi haikuuziba. Nikaweka oringi mpya za AC, siyo za bomba la maji, nimezipaka oili ya PAG, ile ya kompresa ya AC, kwanza zisijikunje. Nikabadilisha draya, ile inayokamata unyevu, na valvu ya upanuzi, ile yenye tundu dogo linalopitisha gesi ipoe, kwa kuwa mzee alisema ile dawa hupenda kukaa pale. Chupa ya oili nilikuwa naifunga papo hapo maana PAG inanyonya unyevu wa hewani. Nikakodi pampu ya vakyumu nikaiacha dakika 45, vakyumu inatoa hewa na pia inachemsha maji yaliyobaki ndani yatoke kama mvuke. Nikafunga koki, nikakaa nusu saa nzima namtazama yule mshale wa bluu pale chini. Haukusogea hata unywele. Nikaweka gesi safi isiyo na dawa juu ya mzani, mtungi ukiwa wima ili uingie mvuke, kimiminika kisiingie kuipiga kompresa, nikafunga mzani uliposema 450. Rangi sikuangalia.

Kipimajoto kwenye tundu la upepo kilishuka mpaka nyuzi 7. Nilimwita kila mtu aliyekuwa nyumbani aje aweke mkono.

Vaa glavu na miwani lakini. Hii gesi inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, mimi wakati wa kuchomoa mpira ilinipiga kwenye ncha ya kidole, ngozi ikawa nyeupe na ganzi mpaka kesho yake. Na gari lako likiwa jipya jipya soma stika, mengi siku hizi yanatumia gesi nyingine, R1234yf, ambayo hata moto inaweza kushika, usichanganye. Haibridi ndiyo kabisa, kompresa yake ni ya umeme mkubwa na inataka oili yake maalum, PAG usiitie humo.

Nilianza nikitaka kusema msifanye wenyewe, kisha naona hapana, fanyeni, nimefanya na limepoa na ni miezi sasa. Ila siyo kwa lile kopo. Au kama gari ni kuukuu, halivuji sana na unataka lipoe msiba mmoja au safari moja tu, sijui, labda, lakini lisiwe lenye dawa. Kwa kweli hapana, hata hapo hapana. Nyota moja.

Kopo la tatu nililirudisha bado lina sili. Muuzaji akakataa kulipokea, akaniambia, "Si lilipoa lakini dada?" Nikamwomba basi ayageuze yaliyopo kwenye rafu, yale maneno ya dawa ya kuziba yakae mbele watu wayaone. Akacheka. Nikaanza kuyageuza mwenyewe, moja moja, na niligeuza rafu nzima kabla hajaniambia nitoke.