Utepe wa umeme kwenye ua wa mbao: tathmini kwa mwenye farasi anayeng'ata na kuvuta hewa

Mimi ni msimamizi wa mazizi ya farasi huko Karen, Nairobi, na bidhaa ninayoitathmini ni seti ya utepe wa umeme inayouzwa katika maduka ya pembejeo kwa ajili ya kulinda ua wa mbao. Tuliinunua kwa sababu ya farasi mmoja aliyehasiwa, aliyestaafu mbio za Ngong, ambaye hushika ubao wa juu kwa meno ya mbele, hukunja shingo, hukaza misuli ya koo na kuvuta hewa kwa mlio mfupi wa kukoroma, kisha hurudia tena na tena, hasa mara tu baada ya kula nafaka. Ubao wa saiprasi aliouzoea ulikuwa umechimbika mabonde, na meno yake ya juu yamelika ukingoni kiasi cha kuonekana wazi anapoinua mdomo.

Seti yenyewe ina utepe mweupe uliofumwa pamoja na nyuzi nyembamba za chuma, vishikizi vya plastiki vya kuuweka mbali kidogo na mbao, na mashine ya sola inayosukuma pigo fupi la umeme takriban kila sekunde. Fundi aliufunga upande wa ndani, juu kidogo ya ubao wa mwisho, ili mdomo uukute utepe kabla ya kuifikia mbao. Kazi ni rahisi, lakini yapo mambo ambayo maelezo ya kwenye boksi hayakuyagusa hata kidogo. Utepe usiunganishwe kwa kufungwa fundo, kwa maana nyuzi za chuma hukatika ndani ya fundo na umeme ukaishia hapo. Tumia vibanio vya chuma. Aidha, upepo ukiupigapiga utepe uliolegea, nyuzi husagika penye vishikizi, kwa hiyo ni lazima ukazwe na kukaguliwa mara kwa mara. Majani marefu yakiugusa wakati wa mvua, nguvu hupotelea ardhini, nawe utasikia mlio wa tiki-tiki pale yanapogusana.

Katika kulinda mbao, bidhaa hii naisifu bila kusita. Farasi aliugusa utepe kwa pua, akaruka nyuma, na tangu hapo mbao zetu mpya zimebaki nzima. Ninachokipinga ni dai lililoandikwa kwenye boksi kwamba utepe huu unatibu tabia hiyo. Hautibu. Farasi wetu aliuacha ua akahamia kwenye ukingo wa birika la maji, na kama birika lingekuwa halishikiki angetafuta kichwa cha nguzo.

Sababu haimo kwenye mbao. Tumbo la farasi hutoa asidi mchana na usiku, ilhali mate yanayoipunguza makali hutoka pale tu anapotafuna. Mnyama anayepewa nafaka nyingi na nyasi kidogo, na kufungiwa peke yake kwa saa nyingi, ndiye aliye hatarini zaidi. Utafiti wa Waters, Nicol na French wa mwaka 2002, uliofuatilia watoto wa farasi 225 kwa miaka 4, ulionyesha kwamba waliolishwa chakula cha nafaka baada ya kuachishwa kunyonya walianza tabia hii kwa kiwango kinachokaribia mara 4 ya wenzao. Tabia ikishakomaa, mara nyingi hudumu maisha yote, na kumzuia farasi kwa nguvu humwongezea hamu: McGreevy na Nicol walionyesha mwaka 1998 kwamba farasi waliozuiwa kwa muda mfupi waling'ata zaidi walipoachiwa. Kwa sababu hiyo siupendi ukanda wa kubana koo, ambao pia huchubua ngozi nyuma ya masikio. Oili chafu ya magari, ambayo baadhi ya watu huipaka kwenye mbao, ni sumu kwa mnyama na isitumike kabisa.

Basi utepe tuliufunga sambamba na mabadiliko ya malisho. Farasi wa kilo 450 anahitaji walau kilo 7 hadi 9 za nyasi kavu kwa siku. Sisi humpa nyasi kavu za aina ya boma rhodes kwenye wavu wenye matundu madogo ili atafune polepole, nafaka tumeipunguza, na anashinda malishoni pamoja na mwenzake. Tumemwachia pia ubao mmoja uliofunikwa kwa mpira mzito, aushike bila kuyamaliza meno. Bado anavuta hewa, ila kwa vipindi vifupi zaidi, na saisi anayemhudumia ana agizo la kumwita daktari wa mifugo mara tu akimwona akijitazama ubavu au kukataa chakula, kwa kuwa farasi wa namna hii wako katika hatari kubwa zaidi ya msokoto wa tumbo.

Anayetaka kuinusuru mbao yake na ainunue seti hii, ila adai pia fito ya ethi, yaani chuma cha kuchomeka ardhini kinachokamilisha mzunguko wa umeme, iliyo ndefu kuliko ile fupi ya kwenye boksi, kwa sababu mwezi wa Februari udongo unapokauka pigo hudhoofika, na farasi hugundua upesi.