Kifaa cha umeme hafifu na baridi yabisi: uzoefu wangu, Mtwara

Nimeishi na baridi yabisi kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya mwaka uliopita nimekuwa nikivaa kifaa kidogo kinachopitisha mwilini mkondo hafifu wa umeme kwa masafa yanayochaguliwa kupitia simu. Naandika kwa sababu hapa Mtwara vifaa vya aina hii vinauzwa sana kwa watu wenye maradhi ya kudumu, hasa fedha za korosho zinapoingia mikononi, na sifa zake karibu zote hutoka kwa wanaoviuza. Kwa upande wangu, kimenipa nafuu ndogo ya misuli, ugonjwa wenyewe hakikuugusa, na bei yake, iliyozidi shilingi milioni moja na nusu, hailingani na kazi hiyo.

Kifaa chenyewe hakizidi ukubwa wa kiberiti, nacho hubanwa kwenye nguo. Nyaya zake huishia ama kwenye mikanda ya kuvaa mikononi, ama kwenye vibandiko vyenye jeli vinavyowekwa penye maumivu. Programu ya simu ina orodha ndefu ya matibabu, kuanzia usingizi na viungo hadi mambo ambayo sikuelewa umeme unayafikiaje, kama vile kujiamini. Ukishachagua husikii chochote, kwa kuwa mkondo wake hupimwa kwa mikroampia, yaani sehemu za milioni za ampia, na hubaki chini ya miliampia moja. Mashine ya TENS, yaani ile ya kusisimua neva kwa umeme kupitia ngozi, ambayo mtaalamu wa fiziotherapia aliwahi kunifungia begani, hutumia mkondo mkubwa zaidi, ndiyo maana ngozi huchonyota na wakati mwingine msuli hurukaruka. Nasisitiza tofauti hiyo kwa sababu muuzaji alipoulizwa ushahidi alieleza namna TENS inavyoziba njia ya maumivu kwa kuzisisimua neva za mguso, maelezo yanayotokana na nadharia ya lango ya watafiti wa maumivu Melzack na Wall ya mwaka 1965, ilhali kifaa chake hakisisimui neva kiasi cha mtu kukihisi.

Muuzaji huyo alikuwa kijana mwenye adabu, na sidhani alikusudia kunidanganya. “Mwalimu,” aliniambia, “kila seli ina masafa yake, na ugonjwa ni masafa kuvurugika.” Alinipa pia karatasi iliyotaja utafiti wa mwaka 1982, na utafiti huo upo kweli: ngozi ya panya ilipopitishiwa mkondo wa kiwango hicho ilizalisha ATP, ile nishati ya seli, kwa wingi zaidi. Lakini baridi yabisi haiji kwa sababu seli zimepungukiwa nishati. Kinga ya mwili ndiyo inayogeuka na kuushambulia utando wa ndani ya viungo, kisha gegedu na mfupa navyo huliwa. Wala sisemi kwamba umeme hauwezi kutibu ugonjwa huu, kwani mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha kifaa kinachopandikizwa shingoni kwa upasuaji ili kuchochea neva ya vagasi, ile inayotoka kwenye ubongo kupitia shingoni hadi kifuani na tumboni, kwa wagonjwa wa baridi yabisi ambao dawa hazikuwatosha. Hicho kililenga neva inayojulikana na kilijaribiwa kwa kulinganishwa na kifaa kilichopandikizwa bila kuwashwa, jambo ambalo karatasi ya yule kijana haikuwa nalo hata kwa mbali.

Mazingira yetu nayo yana neno. Kwa joto na unyevu wa pwani, vibandiko vilipoteza mnato upesi, na vingine nilivikuta vimening'inia ndani ya gauni huku simu ikinitangazia kwamba tiba imekamilika. Mikanda ya mikononi ilifanya kazi vizuri zaidi nilipoilowanisha kwa maji. Chaji haikunisumbua, ila programu hudai intaneti kila mara, na bando nalo ni gharama.

Kwa kuwa mkondo hauhisiki, niligundua kwamba ni rahisi kukipima kifaa bila kujidanganya. Binti yangu alichukua simu, na kila jioni yeye ndiye aliyeamua kukiwasha au kukiacha kimezimwa, akaandika kwenye daftari lake bila kuniambia. Mimi niliandika kwenye langu: asubuhi vidole vilikaza kwa muda gani, kama niliweza kufunga vifungo vya gauni, kama niliweza kukaa kwenye mbuzi nikakuna nazi nzima bila kupumzisha kiganja. Tulipoyalinganisha madaftari, vidole havikuonyesha tofauti yoyote. Usingizi ulikuwa mzuri nyakati zote mbili, nadhani kwa sababu nilikuwa nikilala mapema na kutulia. Mabega tu ndiyo yalionekana kupoa kidogo zaidi kifaa kilipowashwa, nami bado sijui kama tofauti ndogo hivyo ni ya kuaminika. Vipimo vya damu vya uvimbe, ambavyo huchukuliwa kliniki kwa ratiba ileile, havikushuka kwa sababu yake.

Jambo lililoniudhi ni pendekezo la muuzaji kwamba nikishaona nafuu nipunguze methotreksati, “ili mwili ujitegemee”. Nilikataa palepale. Dawa hiyo, ambayo kwa ugonjwa huu humezwa mara moja tu kwa wiki pamoja na foliki asidi kwa siku nyingine, ndiyo inayozuia viungo kuharibika, na uharibifu unaweza kuendelea hata maumivu yanapopungua. Tena huchukua wiki kadhaa kabla haijaonyesha nguvu, hivyo mtu aliyeanzishiwa dawa na kununua kifaa mwezi huohuo atakisifu kifaa kwa kazi ya dawa. Nimesikia shuhuda za namna hiyo, na wasemaji walikuwa wakweli kabisa kwa kadiri walivyojua.

Anayetaka kununua aulize kwanza kama kifaa kimesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, mjamzito na mwenye kifafa wasikitumie bila ruhusa ya daktari wao. Aulize pia kuhusu ada, kwa maana ile bei ya kwanza ilinifungulia sehemu tu ya programu, na zilizobaki zinalipiwa kila mwezi kwa dola. Ada hiyo nimeisitisha. Natumia zile zisizolipiwa ada, mara mojamoja, mabega yanapochoka. Kukiuza nimeshindwa, kwa kuwa akaunti imefungwa kwa jina langu na mnunuzi angelazimika kulipia upya ili kifaa kiwake.