Kilwa Kisiwani: mwongozaji safi, boti ndiyo iliyonikera

Kwa wanaouliza kama kuna haja ya kusafiri karibu kilomita 300 kutoka Dar kwenda kuangalia magofu ya mji wa kale wa Kilwa Kisiwani: ipo, ila mchukue mwongozaji wa pale pale kisiwani.

Kibali tulikata Kilwa Masoko, mji wa bara unaopandia boti, bila usumbufu, na Mtanzania analipa kidogo sana. Shida ilikuwa boti. Bei tulikubaliana gatini vizuri tu, kufika ng'ambo nahodha anadai ya "kuwasubiri". Malizaneni naye kila kitu, kwenda na kurudi, kabla hamjapanda. Ulizieni na maji ya bahari pia, maana yakishakupwa mtavua viatu na kukanyaga tope la mikoko hadi nchi kavu.

Mwongozaji wetu, kijana mzaliwa wa kisiwani, sina la kumlaumu. Msikiti Mkuu alitupitisha kwanza upande wa kaskazini, ule wa karne ya 11, kisha akatuingiza kwenye upanuzi wa karne ya 14 wenye matao na kuba. Akatusogeza ukutani tuangalie jiwe lenyewe: vitundu vidogo vidogo vimejaa, kumbe ni tumbawe. Likitolewa baharini bado bichi huchongeka kirahisi, likikauka linakuwa gumu. Basi nakshi zote zile fundi alizichonga akikimbizana na jua. Hapo ndipo nilipoacha kupiga picha nikaanza kuangalia.

Gereza, ngome iliyoanzishwa na Wareno mwaka 1505 na kujengwa upya baadaye enzi za Waomani, ni nzuri kwa picha, basi. Wageni wengi huishia hapo na msikitini kwa sababu ya jua. Msifanye hivyo. Tembeeni hadi Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, yule ambaye Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Morocco, alimkuta akitawala alipopita mwaka 1331. Limekaa juu ya genge, bahari chini yake, na ndani kuna birika la kuogea la pembe nane. Dhahabu ya Sofala, bandari ya kale iliyo Msumbiji ya leo, ilipita mikononi mwa masultani hawa wa Kilwa, na ukisimama pale unaelewa walivyoitumia.

Njiani kote mibuyu, mbuzi, na watu na shughuli zao, maana kisiwa hiki kina wenyewe mpaka leo. Chini mchangani vipande vya vyungu na vya kauri ya Kichina vimetapakaa. Mwenzetu mmoja aliokota kimoja, mwongozaji akamwambia kwa upole, "Dada, kirudishe kilipokuwa." Alirudisha.

Mwongozaji nampa tano kati ya tano, boti naipa mbili. Bebeni maji ya kunywa ya kutosha na kofia. Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu pia, iliyoingia Urithi wa Dunia pamoja na Kisiwani mwaka 1981, hatukufika. Mkiitaka, itengeeni siku yake.