Selenium au ombi la moja kwa moja?

Hapa Lamu nimeandika programu ya kompyuta inayojaza fomu ya tovuti na kuchota jedwali la maji kujaa na kupwa kwa ajili ya manahodha. Nimejaribu njia mbili.

Selenium, zana ya programu iliyoanza mwaka 2004, huendesha kivinjari chenyewe: huandika tarehe, hubonyeza kitufe, na JavaScript (msimbo unaoendesha kurasa za tovuti) hufanya kazi kama kawaida. Ila hula kumbukumbu ya kompyuta, tena usiposubiri jedwali litokee, unatoka mikono mitupu. Mimi huiambia isubiri mstari wa kwanza uonekane, si kuhesabu sekunde tano kibubusa. Intaneti ikilegea, tano hazitoshi.

Njia ya pili, kutuma ombi la HTTP (utaratibu wa mawasiliano kati ya kompyuta na tovuti) moja kwa moja bila kivinjari, ni kwepesi mno, lakini tokeni (alama ya siri ambayo tovuti huikagua) iliyofichwa ndani ya fomu lazima uitume pia. Kwa fomu sahili, nachagua hii.