Uelekezaji wa anwani za tovuti: njia ya kuchagua na pa kuweka hela yako

Duka likihama kutoka .co.ke kwenda .ke, majina mafupi ambayo KeNIC, msimamizi wa majina ya .ke, iliyafungua mwaka 2017, anwani za zamani haziondoki duniani. Zimebaki kwenye matokeo ya Google, kwenye jumbe za WhatsApp za wateja, kwenye vipeperushi vilivyokwisha kuchapishwa. Anayebofya lazima apelekwe kwenye ukurasa mpya, na njia za kumpeleka ni kadhaa: nyingine bure, nyingine za kulipia kila mwaka. Nimezipanga kuanzia ile ningeichukua kwanza. Nimeangalia mambo mawili tu: Google ielewe kwamba umehama, na mteja anayetumia bando la simu asisubiri.

Kabla ya kununua chochote, amua namba, yaani msimbo ambao seva humjibu nao anayefungua anwani ya zamani. 301 na 308 husema "tumehama kabisa". 302 na 307 husema "tumetoka kidogo, tutarudi". Kwa Google, 301 ni ishara nzito kwamba anwani mpya ndiyo ionekane kwenye matokeo, na 302 ni ishara hafifu. Wapo bado wanaoogopa kwamba 301 inapunguza nguvu ya viungo. Mwaka 2016 Gary Illyes wa Google alisema wazi kuwa uelekezaji wa namba za 30x haupotezi tena PageRank, kipimo cha Google cha nguvu ya viungo, kwa hiyo hofu hiyo isikuzuie kuhama. Kinachostahili tahadhari ni kwamba kivinjari huikumbuka 301. Ukikosea mahali pa kuelekeza, kosa linaweza kukaa ndani ya simu za wateja hata baada ya wewe kulirekebisha. Jaribu kwanza kwa 302, ukiridhika geuza iwe 301.

Sasa kasi, na hapa ndipo sisi wa Afrika Mashariki tunaumia kuliko wengine. Data ikitoka Dar es Salaam au Nairobi hadi seva iliyoko Ulaya na kurudi, hutumia takriban milisekunde 150. Kila mruko wa kwenda kwenye jina jipya unataka safari zisizopungua tatu: kufungua muunganisho, kukubaliana usalama wa https, kisha kuomba ukurasa. Hiyo ni karibu nusu sekunde kabla mteja hajaona hata herufi moja, na bado hujahesabu kutafuta jina kwenye DNS, orodha inayoonyesha jina liko kwenye seva gani. Sasa fikiria mnyororo huu ninaoukuta mara kwa mara: http ya zamani, kwenda https ya zamani, kwenda www ya zamani, ndipo jina jipya. Google huhesabu ukurasa kuwa mzuri pale sehemu yake kuu inapoonekana ndani ya sekunde 2.5, na muda wa miruko umo humo humo.

Nafasi ya kwanza: uelekezaji wa ukingoni

Huduma kama Cloudflare hujibu kutoka kituo kilicho karibu na mteja, bila kuifikia seva yako kabisa. Wana vituo Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam. Mpango wa bure unatosha kwa duka la kawaida, kwa sababu kanuni moja yaweza kuhamisha jina zima pamoja na kurasa zake zote. Sharti ni kuhamishia DNS ya jina la zamani kwao. Ukishaweka, fungua jina lako ukiongeza /cdn-cgi/trace mwishoni, utazame mstari wa colo, wenye herufi za kituo kilichokujibu. Ukiona NBO, MBA au DAR, umepata ulichokifuata. Ukiona kituo cha Ulaya, faida imepungua sana, na chaguo la pili linakutosha.

Nafasi ya pili: seva yenyewe

Kama seva iko nchini, hii ndiyo namba moja. Umeshailipia tayari. Kwenye cPanel, paneli ya kusimamia hosti, kuna sehemu ya Redirects inayoandika faili la maagizo la .htaccess kwa niaba yako. Programu za seva za Apache na LiteSpeed hulisoma. Nginx hailisomi, huko unaandika return 301 kwenye mipangilio. Jibu hutoka kabla PHP, lugha inayoendesha tovuti, wala WordPress haijaamka.

Nafasi ya tatu: programu-jalizi ya WordPress

Redirection ya John Godley ni ya bure, na inakuonyesha anwani gani watu wanazifungua wakakuta 404, yaani ukurasa haupo. Kwa hilo naipenda. Lakini kwa kawaida kila mruko unaamsha PHP na hifadhidata, jambo zito kwenye hosti ya bei ya chini. Rank Math inatoa uelekezaji bure. Yoast inautoa kwenye toleo la kulipia. Usilipie toleo hilo kwa ajili ya uelekezaji pekee.

Nafasi ya nne: msajili wa jina

Muulize maswali matatu. Je, huduma yake ya uelekezaji inajibu https? Inatuma 301 au 302? Inabeba njia ya ukurasa, au kila mtu anatupwa mwanzo? Akikuuzia "kuficha anwani" kwa fremu, yaani ukurasa mpya kuonyeshwa ndani ya anwani ya zamani, kataa.

Ya mwisho ni JavaScript na meta refresh, maagizo ya kuhama yaliyoandikwa ndani ya ukurasa wenyewe. Ukurasa lazima upakuliwe kwanza ndipo mteja ahamishwe. Zitumie pale tu ambapo huna ruhusa ya kugusa seva.

Njia yoyote utakayochukua, elekeza ukurasa kwa ukurasa. Ukizimwaga zote kwenye ukurasa wa mwanzo, Google huzihesabu kama kurasa zisizopo. Google inashauri uelekezaji uachwe angalau mwaka mmoja. Mimi naomba uuache muda wote unaomudu, maana jina ulilolitelekeza linaweza kusajiliwa na mtu mwingine, akawapokea wateja wako. Ada ya kulihuisha jina la zamani iingize kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Kabla ya kumlipa fundi, fungua dirisha la amri la kompyuta, andika curl -IL ikifuatiwa na anwani ya zamani, ukianza na http. Unatakiwa kuona 301 moja, kisha 200, yaani ukurasa umepatikana. Ukihesabu 301 mbili au tatu, mwambie azikunje ziwe moja ndipo umalizie malipo.